Kijiji Kisichofiwa Vichanga

Siku bwana afya wa wilaya alipotupongeza, wanawake tulipiga makofi. Alisimama mbele ya zahanati yetu, huku juu kwenye baridi, unakofika kwa pikipiki kutoka Nyololo, akasema kijiji chetu hakijapoteza kichanga hata kimoja. Wanaume wakapiga makofi, na sisi tukapiga. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, mimba imeshaonekana. Na yeye akapiga, taratibu, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Mtoto wake wa kwanza amelala nyuma ya jiko langu.

Sijui kama nitaeleza vizuri, mimi niliishia darasa la saba. Kwetu mtoto akifa kabla hajatolewa nje kuonyeshwa jua, hakuna msiba. Hakuna turubai, hakuna mchungaji, mtendaji wa kijiji haambiwi. Bibi anayeijua kazi hiyo anakuja asubuhi na wanawake wachache, wanamzika karibu na jiko asipate baridi, halafu wanachemsha chai. Baba anaambiwa, "Mama yake mzima." Basi. Sisemi desturi hii ni mbaya. Imewasitiri wanawake wengi wasinyooshewe vidole. Lakini mtoto aliyezikwa hivyo serikali haimjui. Nesi wetu ni mmoja, akienda kufuata dawa mlango unafungwa, kwa hiyo wengi wanazaliwa nyumbani na wanafia nyumbani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati. Tulikuwa tumeomba nesi wa pili na kitanda cha kuwapa vichanga joto. Mkutano ulipokwisha nilimfuata bwana afya kwenye gari lake, nikamuuliza ombi letu limefika wapi.

"Mama yangu," akasema, na alisema kwa upole, "fungu ni moja. Linakwenda wanakokufa zaidi. Kata za bondeni nimeona mwenyewe, mama anazikwa pamoja na mtoto wake. Nikiwapa ninyi msiofiwa, nitakuwa nimemnyang'anya nani?"

Hata leo natafuta jibu la swali lake. Wale wa bondeni nao ni watoto.

Nilikwenda kwa yule bibi mzikaji. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Umekuja mwenyewe au umetumwa na kamati?"

Nikamweleza kwamba tukiwataja waliozikwa jikoni, labda nesi atakuja. Akacheka mpaka mahindi yakamwagika.

"Tangu wakupe kiti umekuwa mtendaji! Kesho utakuja kutuuliza nani mimba imetoka na nani bado." Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, mimi nazika tu. Watoto wana mama zao. Kawaulize wao."

Nikaanza na wangu. Binti yangu alisikiliza huku anachambua mboga, akasema, "Mama, wangu usimtaje. Akitajwa, huyu wa tumboni atasikia amfuate."

Mimi siamini hivyo. Au naamini kidogo, sijui. Lakini mtoto ni wake, na neno ni lake.

Kwetu binti anakuja kujifungulia kwa mama yake, ndiyo maana alikuwa hapa na si Uyole alikoolewa. Nikaivunja desturi hiyo. Nikampandisha basi pale Nyololo arudi kwa mume wake, kwa sababu kule hospitali iko karibu. Majirani walisema nimemfukuza. Jirani yetu mmoja, msichana tu, naye mjamzito, alitusindikiza na kunibebea begi. Aliniuliza, "Mama, na sisi ambao hatujaolewa mbali tukajifungulie wapi?" Alikuwa anatania. Nikacheka naye.

Binti yangu alijifungua salama. Juma hilohilo yule jirani alishikwa na uchungu nesi akiwa safarini. Mtoto alilia kidogo, akawa wa baridi. Tulimfunika kwa vitenge vyote tulivyokuwa navyo, tukapokezana kumweka vifuani, hakupata joto. Asubuhi bibi alikuja na jembe lake. Ukungu ulikuwa mzito, nilisikia jembe tu, yeye simwoni.

Baada ya siku chache nilimuuliza yule msichana kama nimtaje mtoto wake. Maziwa yalikuwa yamemlowesha blauzi.

"Mtaje," akasema. "Lakini anza na wa binti yako."

Nikampigia binti yangu simu Uyole. Niliposema ninachotaka, nikasikia mtoto ananyonya. "Subiri huyu atolewe nje," akasema. "Akishatolewa nje, sema."

Bwana afya alikuja kabla ya hapo. Safari hii alikuwa anachukua hesabu ya mwisho ya kupangia fedha. Akauliza kama kuna kichanga kilichofariki. Nikasimama.

"Wapo," nikasema.

Akafungua kalamu. "Wa nani, mama?"

Nikamtazama yule jirani. Naye alikuwa ananitazama mimi, anangoja jina la kwanza. Binti yangu alikuwa Uyole, mlango umefungwa, mtoto bado hajaonyeshwa jua.

"Wapo," nikarudia.

"Mama, siwezi kuandika mtoto ambaye hana mama. Nikiandika hivyo, kule wilayani watasema nimewabuni." Akawageukia wengine. "Kina mama? Hata mmoja?"

Wanawake walitazama chini. Bibi mzikaji alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga yake.

Kumtendea haki bwana afya, niseme kwamba alisubiri. Alisubiri sana, kalamu mkononi, mpaka dereva akapiga honi. Kisha akafunika kalamu, akasema asanteni. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Jirani yangu alinyanyuka, akapita mbele yangu bila kunisalimu, akarudi nyumbani kwake akiwa ameshikilia kifua.