Bwanaheri na Mji wa Johari

Mtani wangu Bwanaheri Mtulia ana kichwa kigumu kama kisiki cha mkoko, na nasema hivyo kwa haki yangu yote. Mimi ni Mngoni wa Songea, yeye ni Mndengereko wa hapa Chumbi, na babu zetu walipigana vya kutosha kutuachia sisi ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Nimefundisha Kiingereza ng'ambo hii ya daraja la Rufiji mpaka nimestaafu na mvi zangu, na sijawahi kupita mbele ya nyumba yake bila kumwita mla kambale. Naye hajawahi kuniacha nipite bila kuniuliza, "Mwalimu Marsela, panya wa leo walikuwa wanono?" Mmoja wetu akifa, mwingine ndiye atakayevaa nguo za marehemu na kumwigiza matangani mpaka wafiwa wacheke na machozi machoni. Ndivyo watani wanavyozikana.

Bwanaheri ni mkulima wa mpunga. Msimu wa ndege ukifika anahamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, na anapiga debe kutwa nzima huku akiwatukana kweleakwelea kama watu wazima wenzake. Zamani aliongoza ulinzi wa kijiji, na ulinzi haujamtoka mwilini. Mtoto akipita bila kuamkia, anaitwa arudi. Pikipiki ikipita na muziki mkubwa, anasimama barabarani na bakora. Kwake dunia yote ni shamba la mpunga. Ukisinzia, unaliwa.

Simu kubwa aliletewa na binti yake Johari, muuguzi, anayeishi Marekani na mumewe Seleman, kijana wa Ngorongo anayeendesha malori huko. Johari aliileta ili baba aone sura yake wakizungumza. Baba akaona sura ya Johari, na humo humo akaona na sura nyingine. Kuna kijana wa Dar es Salaam anayechukua video za watangazaji wa Marekani na kuzitafsiri kwa sauti ya kunguruma, na kati ya watangazaji hao kuna mmoja, mwenye tai na ndita, ambaye Bwanaheri alimpenda kama ndugu. Mtu huyo alisema familia ndiyo nguzo. Alisema polisi waheshimiwe, watu wamche Mungu, kila mtu ale jasho lake.

"Huyu angezaliwa Chumbi," Bwanaheri aliniambia, "uenyekiti angeupata bila kupingwa."

Kuhusu maandamano walikuwa kitu kimoja kabisa. Mtangazaji alisema waandamanaji ni watu wasio na kazi. Bwanaheri alipiga paja. "Si nilisema? Mtu mwenye shamba aandamane saa ngapi? Ndege watamsubiri?"

Mimi nilimwambia kwamba mtu aliyedhulumiwa naye lazima apate pa kupitishia sauti yake, na kwamba mtangazaji wake anapiga kelele kuliko hao waandamanaji. Tulibishana hivyo alasiri nyingi, kwenye kibaraza chake, kwa kahawa na kashata. Sikumshinda, na yeye hakunishinda, na tulikuwa na raha zetu.

Kilichomchanganya ni vyama. Kila siku mtangazaji aliwatukana watu wa chama kile kingine, na kijana wa Dar alitafsiri matusi yote kwa ufundi. Bwanaheri alicheka nayo sana. Siku moja akaniuliza, kwa heshima ya mtu anayeuliza mila za wageni, "Hivi, mwalimu, kwenye msiba wanafanyaje? Wa chama hiki akifa, wale wengine wanamwigiza kaburini au nyumbani?"

Ndipo nilipoelewa. Muda wote huo alidhani vile vyama viwili ni watani.

"Si watani," nikamwambia. "Wanachukiana kweli."

"Wanatukanana vile, halafu hawazikani?"

"Hawazikani."

Aliweka kikombe chini. Sura yake iliingia huzuni ya kweli, ile ya mtu aliyesikia habari mbaya za jirani. "Masikini," akasema. "Basi wana hali ngumu hao."

Tangu siku hiyo hakucheka tena akisikiliza. Alisikiliza kama taarifa ya kifo. Na ilikuwa bahati mbaya, maana msimu huo mtangazaji alianza kuusema mji wa Johari. Sitautaja jina, umeshatajwa vya kutosha. Alisoma takwimu za mauaji, za wizi wa magari, za maduka yaliyovunjwa. Alionyesha moto na vioo barabarani. Bwanaheri alizikariri takwimu zile kama sura za Kurani, akawa anaamka nazo.

Na Johari alikuwa na mimba ya kwanza.

Huku kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Hadija, mkewe Bwanaheri, alishatayarisha pilipili manga ya uji wa mzazi na mkeka mpya wa ukindu aliousuka mwenyewe. Lakini daktari wa Johari alimkataza kusafiri, na yeye mwenyewe alisema kazi yake na mume wake viko huko. Bwanaheri akamwamuru arudi. Johari akasema hawezi. Bwanaheri akamwambia asimpigie tena mpaka awe anapiga kutoka uwanja wa ndege wa Dar, na kwamba akizaa kwenye moto ule, azae bila radhi yake.

Neno hilo si dogo. Kwa mtoto wa kiislamu aliyelelewa Chumbi, kuingia leba bila radhi ya baba ni kama kuvuka mto na mtumbwi uliotoboka. Mimi Mkatoliki nililisikia na mwili ukanisisimka.

Wiki zikapita. Johari akipiga, simu iliita kibarazani mpaka ikanyamaza, na mzee akiitazama tu. Hadija akawa anakuja kwangu kwa mlango wa nyuma, kuzungumza na mwanawe kwa simu yangu. Siku moja alipomaliza alikaa jikoni kwangu akilia na kanga mdomoni.

"Anaogopa, mwalimu. Anasema, mama, nikifa kwenye uzazi nitakwenda na kinyongo cha baba. Mie nimembembeleza mume wangu nimechoka. Ndugu zake wamesema, shehe kasema. Hasikii la mtu."

"La mtu hasikii," nikamwambia. "La mtani je?"

Hapo inabidi niseme habari ya matanga yangu mimi. Miaka ile ya hofu Kibiti, watu walipokuwa wanauawa na jioni ikiingia kila mlango umefungwa, redio ilitutaja kila siku. Sisi wa huku ng'ambo ya mto nasi tuliitwa Kibiti, kwa mtu wa mbali sote ni wamoja. Kaka zangu Songea walinipigia nirudi. Kisha simu yangu ikaharibika, nikawa sipatikani. Kaka yangu mkubwa Deusdedit, anayeamini redio kuliko Injili, akahesabu siku, akalia, akaweka turubai. Watu wakaja. Ng'ombe akachinjwa. Nilipopata simu ya kuazima nikapiga, na nilisikia wimbo wa maziko yangu nyuma ya sauti ya kaka yangu. Sijawahi kukasirika vile maishani. Niliwaambia wamalize nyama, wakunje turubai.

Nilitaka kuondoka kweli, siku zile. Aliyenizuia ni Bwanaheri. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka shuleni na bakora yake, na aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mji wanaujua wanaolala humo. Wa mbali wanaujua msiba wake tu." Johari wakati huo alikuwa chuo Dar, naye alimlilia baba yake ahame. Alikataa. Alimwambia neno hilo hilo, na kwamba hawezi kuwaachia ndege mpunga.

Basi asubuhi iliyofuata nilifunga kanga kiunoni, nikafumua nywele zangu, nikaingia uani kwa Bwanaheri nikilia kwa sauti ya kusikika hadi barabara kuu.

"Uuwii! Johari wee! Umetuacha, mwanetu!"

Majirani walitoka mbio. Hadija tulishapanga naye, lakini aliposikia jina la mwanawe likililiwa akakaa chini kweli. Bwanaheri alikuwa kwenye kiti chake na simu mkononi. Nilimvua kofia nikaivaa, nikamsukuma nikakalia kiti. Nikaokota kandambili yake moja, nikaishika kama simu, nikakunja uso kama wake.

"Mji umekwisha!" nikaunguruma. "Takwimu zinasema! Vioo! Moto! Hakuna aliyebaki!" Kisha nikapiga paja kama anavyopiga. Watu walianza kucheka, wakaziba midomo. Nikanyoosha mkono. "Nileteeni sanda. Nimekuja kumzika Johari. Mfiwa yuko wapi anipe sanda?"

"Mngoni, weye!" Bwanaheri alinijia mbele. "Koma! Mwanangu hajafa!"

"Hajafa?"

"Hajafa!"

"Mbona husemi naye, basi? Mie nilidhani humu ndani kuna matanga. Kaka yangu Deusdedit alikunja turubai lake, mtani. Na wewe lako utalikunja lini?"

Mtani hakasirikiwi, hiyo ni sheria, na Bwanaheri ni mtu wa sheria. Nilimwona mzee, siku hiyo, mzee kweli, na nilimhurumia mpaka nikataka kumrudishia kofia yake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na woga tu, woga wa mlinzi ambaye shamba lake liko mbali asikoweza kufika na debe.

Hadija aliinuka, akaichukua simu mkononi mwa mumewe, akapiga, akaiweka sikioni kwa mzee. Sauti ya Johari ikatoka kubwa, watu wote wakaisikia.

"Shikamoo, baba."

Bwanaheri, anayewaita watoto warudi kuamkia, hajapata kuacha shikamoo ianguke chini.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Kisha akalia, mbele ya majirani.

Walizungumza mpaka chaji ikakaribia kuisha. Alimuuliza kama yale ya mtangazaji ni uongo. Johari alisema si uongo. Gari la jirani yake lilivunjwa kioo, na usiku kuna mitaa asiyopita. Juzi waandamanaji walijaa mbele ya hospitali.

"Ehe!" Bwanaheri akaruka. "Wakakufanyaje?"

"Waliniona tumbo, baba, wakanipisha. Mama mmoja aliweka bango lake chini akanibebea mkoba hadi mlangoni."

Bwanaheri akauliza, "Alikuwa wa chama gani?"

"Sikumuuliza."

"Umefanya vizuri," akasema. "Kwa hiyo huyu bwana hasemi uongo."

"Hasemi uongo, baba. Ila halali huku. Mie ndiye ninayelala huku."

Niliona neno lake mwenyewe likimrudia, limezunguka dunia. Alinitazama mimi, akaangalia pembeni. Kisha akasema taratibu, kila mtu akasikia, "Radhi yangu unayo, Johari. Ulikuwa nayo. Nilikuwa nimeishika tu mkononi."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume, na mama yake salama. Seleman ndiye angemwadhinia mtoto sikioni, ni haki ya baba. Lakini alipiga simu akasema amemwachia babu. Bwanaheri alitawadha, akavaa kanzu ya Idi, akaelekea kibla pale pale kibarazani. Seleman aliweka simu kwenye sikio la kulia la mtoto. Sauti ya mtani wangu si nzuri, imekwaruzwa na miaka ya kufukuza ndege, na siku hiyo ilikatika mahali pawili. Hadija alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza. Mimi nilipiga ishara ya msalaba kimya kimya, hakuna aliyenikataza.

Bado anamsikiliza mtangazaji wake. Bado tunabishana, na bado anaamini mwandamanaji ni mtu aliyekosa shamba. Juzi tulikuwa kibarazani na vijana wawili watatu wa kahawa, na mtu wa tai akaanza tena na mji ule. Kijana wa Dar akanguruma: mji umekufa, watu wamekimbia, hakuna tena mtu wa maana aliyebaki humo.

Bwanaheri aliisogeza simu mdomoni, kama vile yule bwana angemsikia.

"Hapo umekosea, ndugu yangu," akamwambia kwa upole. "Mjukuu wangu yumo."