Wezi wa Mama Kache

Mama Kache hana woga, na msimwone anavyowaandalia madereva wa malori chai na mahamri pale Mariakani mkadhani ni mnyonge. Dereva akilewa, Kache humtoa mkahawani kwa ukosi wa shati. Lakini mwonyeshe jini aliyechorwa kitabuni kwa wino mweusi, akichungulia kutoka kisimani, uone anavyojikunyata ndani ya leso! Anaogopa, na anataka aonyeshwe tena.

Vitabu hivyo vya picha, vya mizimu na wafu wanaofufuka, aliachiwa na marehemu mumewe, Ngowa, naye alikuwa dereva. Kache hakutiwa shule. Ngowa alimsomea maneno, yeye akifuata michoro, wakatishika pamoja kisha wakachekana. Ngowa alipofariki, likabaki sanduku la bati limejaa. Madereva waliokuwa wakisubiri zamu ya malori yao kupimwa uzito kwenye mizani wakaanza kuviomba wavisome kwenye chai, na Kache akakaa karibu asikilize. Watu wazima hao, wana simu zenye filamu za kila aina, lakini wanang'ang'ania makaratasi yaliyochakaa! Mmoja alimweleza kwamba filamu humpita mbio, bali picha ya kitabuni humngoja, na ni yeye mwenyewe anayepaswa kufunua ukurasa.

Wengine waliazima wakapotea navyo moja kwa moja. Hao Kache aliwatukana, sikwambii. Aliwataja mmoja mmoja huku akikanda unga. Dena ndiye aliyekula matusi zaidi, maana aliondoka na kile cha jini wa kisimani, cha kwanza kabisa Ngowa kumsomea.

Masika yaliyopita paa likavuja juu ya sanduku usiku kucha, na kifuniko chenyewe kilikuwa kimetoboka kwa kutu. Alipofungua, vitabu vyote vilikuwa uji. Kache aliketi chini akalia kama siku ya matanga. Sauti ya mumewe ilikuwa humo, wala hakujua pengine pa kuisikia.

Habari zikasafiri na malori. Hazikupita wiki mbili, wale wale wezi wakaanza kuja, macho chini, kila mtu na kitabu chake kwapani. Vikafika kumi na saba. Wa mwisho alikuwa Dena, mvi zimeshamwingia. Alitoa shikamoo, akaweka kitabu cha jini mezani, akaanza kujitetea kwamba kila alipotaka kukirudisha, wanawe walimwomba awasomee mara moja tu zaidi.

"Nisamehe, mama. Nilikuibia."

Kache alilipapasa jalada kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka asiyafute.

"Ungekuwa mwaminifu, mwanangu, leo singekuwa na kitu. Mungu akuweke. Haya, kaa unisomee."

Dena akavuta benchi, akafunua ukurasa wa kwanza.