Birika lililokatiza baraka

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Kassian ameketi sakafuni katika ukumbi wa kanisa letu hapa St Marys, ughaibuni, daftari gotini, wimbo ukipigwa kutoka kwenye kompyuta. Jikoni, birika kubwa la umeme linachemsha chai. Linalia ta! Papo hapo wimbo unakatika, kisha unarudi.

"Mara ya tano," anaandika. Mara zote tano birika limelia kwanza.

Alasiri hii Jerotich, muuguzi, anafunga ndoa. Bibi yake mwenye miaka tisini na moja alinyimwa viza, hivyo atatoa baraka kwa video kutoka Kapsabet. Sauti ikikatika, ukumbi mzima utazikosa.

"Aki fundi, tumebuy cable tatu na laptop mpya," anasema Njeri, msimamizi wa chai. "Hata tumekemea pepo!"

Mimi, muumini wa hapa, nilikuwepo siku ya kukemea. Maombi yalikuwa mazito kweli.

Kassian, Mtanzania, alifagia kiwanda kimoja huko Smithfield miaka miwili kabla ya kupewa kazi ya kutengeneza mashine zake. "Kule mota ikiwaka, mizani inapotea kwenye kompyuta," anasema. "Ni ugonjwa uleule."

Swichi ya birika inapojizima, hurusha mshtuko wa umeme kwenye nyaya. Waya wa USB wa kisanduku cha sauti, kile kinachounganisha kompyuta na spika, unaudaka, kwa kuwa wazee wa kanisa waliufunga pamoja na ekstensheni ya birika, nadhifu kabisa, watoto wasijikwae. Na birika huwashwa wakati wa mahubiri, kwani chai lazima iwe tayari amina ya mwisho inapotamkwa.

Napendekeza leo chai isitishwe. Njeri ananitazama kwa huruma.

"Harusi ya Wakenya bila chai? Wewe ndio utawaambia?"

Kassian anacheka. Anakata vifungo, anaweka waya mfupi wenye kinga nzuri na kuupitisha ukuta wa pili, kisha anahamishia birika kwenye soketi ya jikoni.

Saa tisa na nusu, bibi anaanza kubariki. Birika linalia ta! Mimi nashtuka. Kassian hata hageuki. Sauti ya bibi inaendelea hadi mwisho, na Jerotich analia bila kujificha.

"Mwaka juzi, harusi yangu ilikuwa humuhumu," Kassian ananiambia. "Mama alikuwa akitubariki kutoka Mbinga, sauti ikakatika. Iliporudi, alikuwa ameshamaliza."

Desemba mwanawe anabatizwa.

"Nitamwomba mama aanze upya, polepole. Na Dada Njeri achemshe chai yake."