Nyumba Niliyodhani Haina Watu

Wakati wa vita vya milimani, watu wa vijiji vya juu walipokuwa wakiteremkia mji wetu wa Baraka na magodoro kichwani, mimi nilikuwa natengeneza gemu ya kompyuta. Mchezaji anatembea peke yake katika kijiji kilichohamwa. Hajioni, anaona tu kilicho mbele ya macho yake. Hakuna wa kupigana naye. Nilitaka aogope vyumba.

Kuta nilikuwa nazo, hofu sikuwa nayo. Basi nikamwomba yaya, kaka yangu mkubwa aliyekuwa anaendesha moto, pikipiki ya abiria, anipeleke kijiji kimoja upande wa Bibokoboko ambacho watu walisema kimebaki kitupu. Alikataa mara mbili. Ya tatu akasema, "Saa moja tu. Nikisema twende, unapanda moto, hauulizi."

Tulifika jua limeshapanda. Hakuna kuku, hakuna moshi. Nikapita nyumba hadi nyumba nikipiga picha milango kwa telefone. Mlango mmoja ulikuwa umeegeshwa tu, nikausukuma. Ndani mlikuwa na giza la masizi, kitanda cha miti, na upenyo wa chumba cha pili uliozibwa kwa mkeka. Nikapiga picha ukuta, kitanda, beseni la mihogo iliyolowekwa. Nikapiga picha ukuta, kitanda, beseni la mihogo iliyolowekwa. Nilifurahi mno. Nikasema kwa sauti, "Muzuri sana. Giza kama hii ndiyo nilikuwa natafuta."

Yaya aliinamia beseni, akachovya kidole, akanusa.

"Hii mihogo haijaanza hata kunuka," akasema. "Benyewe habako mbali. Twende."

Kesho yake mchana, nyumbani Baraka, nilivaa ekuteri masikioni nikasikiliza. Upepo. Hatua zangu. Sauti yangu ikisifu giza. Kisha mtoto akakohoa chinichini, mara moja, na kikohozi kikakatwa katikati. Mwanamke akanong'ona: "Nyamaza. Bangali humu."

Nilirudisha nyuma mara tatu, nikitumaini nimesikia vibaya. Walikuwa nyuma ya ule mkeka, hatua mbili kutoka niliposimama, na waliyekuwa wakimwogopa ni mimi.

Nikamsikilizisha yaya. Alivua ekuteri akanirudishia.

"Turudi tubachukue," nikasema.

"Barabara imefungwa tangu asubuhi. Kuko masasi, banapigana."

Siku nne tulitazama moshi mlimani.  Nikifungua kompyuta, nilikuwa natembea katika kijiji changu cha bandia nikisimama mbele ya kila mlango, naogopa kuufungua.

Siku ya tano watu walifika kwa miguu, wakapewa nafasi katika uwanja wa kanisa. Nilikwenda kuulizia wa kijiji kile. Kabla sijamaliza kuuliza, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinua kichwa kwa kusikia sauti yangu.

"Ni wewe," akasema. "Ulisema giza ya nyumba yangu iko muzuri."

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, munisamehe. Sikujua."

"Nilimufunga huyu kinywa mpaka akageuza macho. Nilizani amekufa." Mtoto alikuwa akinitazama juu ya bega lake, bila kupepesa. "Jioni ile ile bale ba bunduki bakakuja, bakachoma yote. Sisi tulikuwa tumeshaingia porini."

Nikauliza lile lililokuwa likinichoma: "Ni mulio wa moto yetu ndiyo ulibaleta?"

Alifikiri. "Sijui. Pengine bangekuja tu. Pengine hapana."

Nikamwambia telefone ilinasa sauti zao, akaniamuru nifute ile sauti mbele yake. Nikaifuta. Nilipotaka kufuta na picha, akanishika mkono. "Hizo ngoja."

Alitazama kitanda chake, beseni lake, ukuta wake. Bamama wengine wakasogea, telefone ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akitafuta mlango wake. Hakuna aliyelia. Mama mmoja wa makamo alizipitia zote mara mbili, kisha akaniuliza, "Na yangu? Ile ya karibu na kisima?"

Niliikumbuka. Ilikuwa na bati jipya na kuta zilizopakwa chokaa, nyeupe kabisa. Niliipita bila kuipiga picha, kwa sababu haikuwa inatisha.