Mwaka Tuliomngoja Msichana wa Televisheni Afe

Watu wakiutaja mwaka wa 2002 hukumbuka uchaguzi. Nyumbani kwetu tunamkumbuka msichana aliyekuwa akifua nguo kwenye televisheni, na jinsi wifi yangu alivyongoja afe.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na masomo yangu yakaishia hapo. Kaka yangu alikuwa akipakia magunia ya mahindi katika ghala moja mjini Kitale. Mkewe alikuwa mjamzito, kwa hivyo Mama akanitoa kwetu Bumula niende nikamsaidie. Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia wakati watu wameshakwenda zao. Wifi alifurahi kuletewa msaidizi asiyeongea, maana yeye alitosha kuongea kwa niaba yetu sote.

Katika ploti tulikopanga chumba, mwenye televisheni alikuwa mama mwenye nyumba peke yake. Kila jioni, kabla ya habari, kulikuwa na mchezo kutoka ng'ambo, ambamo midomo ya watu ilisema lugha moja na sauti zao nyingine. Akina mama walikuja na vigoda vyao. Wanaume nao walikuja, ila wao, kwa maelezo yao, walikuwa wakisubiri habari. Habari zilikuwa bado sana, lakini walipenda kuwahi.

Kazi yangu ilikuwa kushika mlingoti wa antena nje, karibu na dirisha. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu sikuweza kuikataa.

"Geuza kidogo! Hapo! Hapo hapo! Aii, umepita!"

Kwa hivyo mchezo ule naujua zaidi kwa masikio. Msichana maskini alifua katika nyumba ya tajiri, kijana wa nyumba akampenda, mama wa kijana akamchukia. Ni hayo tu, lakini yalichukua karibu mwaka mzima. Hata kule kwetu, sokoni Chwele, wauza mitumba walikuwa na sketi fulani ya marinda waliyoiita kwa jina la msichana huyo, nayo haikukaa mezani.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Kombe la Dunia likaanza. Timu moja ya Afrika Magharibi, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, ikawafunga mabingwa wa dunia. Kaka alirudi kutoka ghalani akitembea kama yeye ndiye aliyefunga bao. Akatangaza kwamba mtoto ataitwa kwa jina la mfungaji.

"Ni msichana," wifi akasema, "na ataitwa kwa jina la yule wa televisheni."

"Kwani yule ni wa ukoo gani?"

"Wa wafuaji. Kabla hujanioa nilifulia watu, wewe unajua. Hakuna siku niliitwa mezani. Huyu wangu ataitwa."

Mtoto alipozaliwa, akiwa msichana kweli, timu ile ilikuwa imeshatolewa, hivyo kaka hakuwa na pa kuanzia.

Mwezi wa nane tulimpeleka mtoto Bumula akaonwe. Kwetu mtoto hupewa jina la kanisani na jina la nyumbani. La kanisani lilikuwa limeshachukuliwa na mama mzazi wa wifi, aliyempa lake mwenyewe. Lilibaki la nyumbani, na hilo hutoka kwa mtu wa kwetu aliyekwisha kufa. Wifi akamweleza Mama habari za msichana wake. Mama alisikiliza kwa heshima zote.

"Huyo wa terefisheni," akauliza, "alikufa lini?"

"Hajafa, Mama."

"Yuko?"

"Yuko. Juzi alikuwa anapiga pasi."

Mama akamtazama mjukuu, kisha mkwewe. "Mtu anapiga pasi, na wewe unampa mtoto jina lake? Unamtakia nini msichana wa watu? Ukoo tunaweza kusameheana. Lakini ngoja kwanza. Akienda, utaniambia."

Mama alikuwa na jina lake tayari, la mama mkwe wake marehemu. Sifa kubwa ya marehemu huyo ni kwamba hapakuwa na jirani ambaye hakuwahi kugombana naye. Wifi aliijua sifa hiyo. Tukarudi Kitale na mtoto asiye na jina la nyumbani, tukawa tunamwita Toto.

Tangu hapo wifi aliutazama mchezo kwa namna nyingine. Mama tajiri alipotia sumu katika chai, ploti nzima ilipiga kelele, "Usinywe!" Wifi alinyamaza.

"Mama Toto, kwani wewe huna huruma?" mama mwenye nyumba akamuuliza.

"Ninayo. Naangalia tu."

Kaka akimkuta jikoni alimuuliza, "Leo amekohoa?"

"Alikohoa kidogo."

"Pole, basi. Pengine kesho."

Ikafika Desemba. Kampeni zilikuwa zimepamba moto, na hata muuza kabeji alikusalimia kwa kuinua vidole vya chama chake. Siku zile zile msichana akagongwa na gari. Katika kipindi cha mwisho alikuwa amelala hospitalini na mipira puani, na wanaume waliacha kabisa kutaja habari.

Jioni hiyo upepo ulikuwa mkali na picha ikapotea pale daktari alipoingia. Nikageuza mlingoti huku na huku. Kisha nikasikia kigelegele kirefu, na nikakijua ni cha wifi.

Amekufa, nikawaza. Nikamhurumia msichana wa watu, nikauachia mlingoti, na nikatukanwa na ploti nzima. Nilipochungulia dirishani, picha ikiwa imerudi kwa huruma yake yenyewe, msichana alikuwa ameketi kitandani akicheka. Wifi alikuwa amesimama, Toto begani, machozi yakimtiririka, akipiga kigelegele kingine.

Kaka alikuwa mlangoni. "Wewe! Si umekosa jina?"

"Wacha aishi, bana! Unataka afe amekukosea nini?"

Tulikula Krismasi Bumula. Mama akamwita mtoto kwa jina la mama mkwe wake, na wifi akaitikia kwa niaba ya mtoto, bila ubishi. Baada ya siku chache watu wakapiga kura, serikali ikabadilika, na mwaka uliofuata shule ya msingi ikawa ya bure, mimi nikiwa nimeshaimaliza. Lakini siku ile ya jina hakuna aliyezungumza siasa. Mama alikuwa akichambua maharagwe.

"Na yule msichana," akasema bila kuinua macho, "alikwenda?"

"Hapana, Mama," wifi akajibu. "Aliolewa."

"Na nani?"

"Na kijana wa ile nyumba."

Mama akauweka ungo chini. "Mama mkwe alikubali?"

"Alikataa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu akazoea."

"Mm." Mama akamsogezea kigoda. "Kaa hapa. Anza siku ile alipokuja kufua."