Nilivyompa dalali wa mahindi riwaya yangu akaniuzie Dar

Wakuu, habari za weekend. Nimeona dogo mmoja humu anaulizia literary agent wa kitabu chake cha vijana. Nikacheka, halafu nikakumbuka mbali. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, niko Sumbawanga, nimemaliza form four, nimeandika riwaya kwa mkono. Inahusu vijana wawili, marafiki wa kijiji cha Wampembe, injini ya boti yao inazimika katikati ya ziwa.

Nakala ilikuwa moja tu. Photocopy wakati ule ni anasa.

Niliwaandikia wachapishaji Dar, kimya. Kwenye gazeti kuukuu nikasoma kwamba Ulaya mwandishi ana wakala wake. Nami nikaanza kutafuta wangu.

Sasa biashara ya mahindi ndiyo kwanza imefunguliwa, mjini kwetu wakala ni nani kama si dalali? Nikamfuata Baba Oliva pale sokoni, mtu wa maneno mengi, kila mara yuko juu ya lori la Dar.

"Shikamoo baba. Naomba ukaniuzie kitabu."

"Marahaba. Sampuli iko wapi?"

Kabla sijajibu akachomoa karatasi za katikati, vilevile anavyochoma gunia kwa bambo kutoa punje.

"Za juu kila mtu anapanga nzuri," akasema. "Mnunuzi anataka za katikati."

Roho iliniuma, wakuu. Zilizobaki nikawa nalala nazo chini ya mto.

Akaenda nazo Dar, akarudi. Karatasi zimejaa mafuta na alama za vidole.

"Wachapishaji wamekataa. Wanasema vijana hawasomi."

Nilitaka kulia palepale, mbele za watu.

"Ila umeniletea balaa," akaendelea. "Nilimsomea dereva njiani. Sasa kila tukikutana ananiuliza, wale vijana walifika nchi kavu? Dalali mzima sina jibu! Hebu lete zilizobaki."

Akakaa juu ya gunia, nikamsomea mpaka soko likafungwa. Wateja aliwafukuza.

Kitabu kilikuja kutoka miaka mingi baadaye, Baba Oliva ameshatangulia. Tangu hapo nimeandikiana na ma-agent kwa email. Wanauliza idadi ya maneno, umri wa wasomaji, soko likoje.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama wale vijana walifika nchi kavu. Nammiss sana yule mzee.

Kwa hiyo dogo, agent wako ni yule atakayekusumbua umwambie mwisho. Na nyie mlioandika, nani alikuwa wa kwanza kuwasumbua? Mwageni hapa, nipo nasoma.