Kitabu Safi cha Stoo

Majina sitataja, lakini wenyewe wakisoma haya watajijua. Kama watasoma, maana wengi wao kusoma waliacha siku ya mtihani wa mwisho.

Mimi niliachia darasa la nne, huko Kajiado. Baba aliamua ndugu yangu aendelee, mimi nifuate mbuzi. Ndiyo maana nilishtuka msichana wangu wa kwanza alipoanza kusoma kuta za nyumba yetu ya kupanga, Kitengela. Yalikuwa magazeti ya zamani, nimeyabandika kwenye mabati kwa uji wa unga wa ngano ili yazuie upepo. Yeye alipanda jerikeni kusoma ya juu, akalala kifudifudi kusoma ya chini, akinisomea kwa sauti. Hata karatasi ya buchari aliisoma ikiwa bado na damu ya nyama.

"Yeyo," aliniita, yaani mama kwa Kimaasai, "hii hadithi imekatika hapa kwa kona. Ile ingine iko wapi?"

"Iko chini ya hiyo karatasi ingine. Bandua, ulale na baridi."

Masomo ya bure yalikuwa yameingia, na shuleni kwao vitabu vya hadithi vililetwa makatoni mazima. Niliviona kwa macho yangu kwenye mkutano wa wazazi. Vikafungiwa stoo. Nikamwendea naibu wa mwalimu mkuu.

"Mama, mkaguzi akija apate vitabu ni vichafu, nitamwambia nini? Nyumba zenu ni moshi tu."

"Kwani mwalimu, vililetwa visomwe na mkaguzi?"

Walimu wenzake wakacheka. Akanipa kimoja kwa hasira. Kikirudi na kasoro yoyote, akasema, hakuna mtoto wa darasa hilo atakayepewa kingine.

Basi nami nikageuka naibu wa pili. Nilikivika jalada la gazeti, juu yake nailoni, nikakifungia sandukuni na nguo zangu za kanisa. Kikitoka, msichana alinawa mikono kwa sabuni, akakaa mbali na jiko, nami nimesimama nyuma yake. Asikunje. Asiweke kidole kwa mstari.

"Hiki ni kitabu ama ni yai?" mume wangu akauliza.

Nilimnunia siku mbili. Mzee huyo hakuwahi kumnunulia mtoto hata penseli, lakini siku hiyo alisema kweli. Yule aliyekuwa akisoma kuta kwa kucheka sasa alisoma kama mtu anayejibu kesi.

Siku moja nilitoka kazini shamba la maua nikiwa nimechoka. Nikamkuta mlangoni na mdogo wake. Alikuwa amechukua ufunguo, kitabu kiko magotini, mdogo anakula githeri, mahindi na maharagwe ya mchuzi, na wote wawili wanacheka hadithi mpaka machozi. Mimi cheko sikulisikia. Niliona ule mchuzi. Nikampiga kofi, nikakinyakua kitabu kwa nguvu, na ukurasa ukararuka mkononi mwangu. Doa la mchuzi halikuwepo. Hata moja.

Asubuhi nilipompa akirudishe, alikisukuma.

"Peleka wewe. Ni chako."

Nikapeleka. Naibu alilamba kidole, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akilamba tena, mpaka akafika palipochanika. Akauliza ni nani amerarua.

Nikasema ni mtoto.

Alitajwa gwarideni mbele ya shule nzima, na darasa lao halikupata kitabu kingine. Naibu nimemlaumu miaka mingi, na bado namlaumu, lakini ule uongo hakunituma yeye.

Msichana alimaliza shule, ni mtu mzima sasa. Hajawahi kunisomea tena hata mstari mmoja. Nikiletewa karatasi ya hospitali nisiyoielewa, anaichukua, anaisoma kimya mpaka mwisho, anaikunja.

"Uende Jumanne," ananiambia, basi.